Pindo la Leso Nyuma ya Mfupa wa Kifua

Wenzangu mnaobaki na funguo za idara ya picha, mliniomba niandike kitu kabla sijasahau. Nimecheka. Kusahau nilianza zamani. Kila alasiri nikikaa kwenye kiti changu cha kamba hapa Shimba Hills, usingizi ukiwa haujanishika wala haujaniacha, miaka ya kazi hunijia imechanganyika, kama filamu zilizoanguka kutoka kwenye bahasha. Nitajaribu kuziokota kwa mpangilio. Vyeo na mishahara sitaviandika. Hivyo viko kwenye faili langu, na mwenye hamu akalipekue.

Siku yangu ya kwanza kazini niliimaliza gizani. Nilikuwa na cheti kipya, sare nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na fikra kwamba nitaanza kwa kupiga picha. Bwana Athumani, mtu wa Msambweni aliyekuwa mkubwa wa chumba cha eksirei katika hospitali yetu ya serikali, alinitazama juu mpaka chini, akanifungulia mlango wa chumba cha kusafishia filamu. "Kwanza jifunze kungoja," akasema. Mle ndani mlikuwa na taa moja nyekundu, matangi matatu ya dawa, saa ya ukutani, na feni iliyozunguka ilipojisikia. Alinionyesha mara moja namna ya kutumbukiza filamu, akaniacha peke yangu. Muujiza ule sijausahau. Kutoka kwenye utupu wa kijivu pakatokea weusi wa mapafu, kisha mbavu moja baada ya nyingine, kisha moyo umelala upande wake, vyote vikija taratibu kama mtu anayekumbuka ndoto ya alfajiri. Harufu ya dawa ile ilikaa kwenye nywele zangu miaka mingi. Mume wangu alikuwa akisema angenitambua katikati ya soko la Ukunda hata akiwa amefumba macho, na mpaka leo sijui kama ilikuwa sifa.

Bwana Athumani alifundisha kwa vitu vya nyumbani. Wiki yangu ya pili nilimkimbilia na picha ya kifua cha mtoto mchanga, kwa kuwa juu ya moyo niliona kivuli chenye ncha, kimetokeza upande mmoja. Nilidhani nimegundua maradhi makubwa. Akaiweka kwenye kisanduku cha taa, akavaa miwani, akavua miwani.

"Hili ni pindo la leso," akasema. "Kila mtoto huzaliwa nalo."

Kwenye vitabu mtalikuta kwa jina la tezi ya thaimasi, na kivuli chake wamekifananisha na tanga la chombo. Lakini Bwana Athumani alikuwa akichefukwa na bahari hata kwenye feri ya Likoni, na hakutaka kusikia habari za vyombo. Kwake yeye ilikuwa kona ya leso ambayo mwanamke hufungia vitu vyake vya thamani. Tezi hiyo iko nyuma ya mfupa wa kifua, mbele ya moyo. Utotoni huwa kubwa, kwa sababu humo mwili hufungia na kufundisha askari wake wa kupambana na maradhi. Mtoto akikua, askari wakishatoka, pindo hufunguka kidogo kidogo, likabaki tupu, likageuka mafuta. "Wewe na mimi hatunalo tena," akaniambia. "Tumeshalitumia." Niliujaribu mfupa wangu wa kifua kwa kidole, nikasikia huzuni isiyo na maana, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyozaliwa imebomolewa.

Neno lake jingine nililiandika ndani ya jalada la daftari langu. "Picha huonyesha leo tu. Jana na mwaka jana, muulize mwenyewe." Nililiandika kwa wino mwekundu na kulipigia mstari. Mtaona lilinisaidia vipi.

Miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea ukingoni, Bwana Athumani alishastaafu na kurudi kwenye mikorosho yake, nami nilikuwa nimekalia kiti chake. Ndipo hospitali moja ya binafsi Mombasa ilipoleta mashine ya MRI. Sisi tuliiita Sumaku. Kwa makubaliano ya wakubwa nilitakiwa niende huko siku mbili kila wiki nikajifunze, na siku zilizobaki nirudi kwenye eksirei yangu upande huu wa maji.

Nyinyi mmeizoea, kwa hiyo hamwezi kujua tulivyoingia chumba kile mara ya kwanza, tukinyata kama waliokuja kuzuru kaburi la mtakatifu. Kulikuwa na baridi. Mashine ilikuwa nyeupe, kubwa kuliko jiko la mama yangu, na katikati ina tundu ambalo mtu huingizwa akiwa amelala. Sumaku yake haikuzimwa hata tukienda nyumbani. Mhandisi aliyekuja kutufundisha tahadhari alitoa hotuba ndefu juu ya hatari ya chuma, akasahau kuvua saa yake, na tulimpata mkono umenata ubavuni mwa mashine. Hatukuhitaji hotuba ya pili. Tangu siku hiyo nilivaa shingoni, kwa uzi wa pamba, kipande cha sumaku nilichotoa kwenye spika ya redio mbovu. Kabla mtu hajakaribia mlango nilimpitishia kwenye mapindo ya nguo, nywele na mifuko, na kikivutwa tu, mtu haingii. Nilikiacha nje, kwenye msumari, kila nilipoingia mwenyewe.

Lakini kilichonivuta mimi ni ndoto. Mashine ile hugonga. Hugonga kwa mpigo mmoja, hunyamaza, hubadilisha mpigo, na mtu akishapita ile hofu ya mwanzo, mara nyingi husinzia. Nikawa nawauliza wakitoka, "Umeota nini?" Haikuwa kwenye fomu. Mzee mmoja wa Taru aliota mbuzi wanashushwa kutoka kwenye lori na hawaishi. Mama mmoja wa Kinango, ambako mvua ni mgeni asiyesema anakuja lini, alitoka machozi yakimtiririka, akaniambia amesikia mvua kwenye mabati usiku kucha, na alikuwa akiwaamsha watoto watoe ndoo. Nilimshika mkono mpaka kwenye benchi. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba nje kulikuwa na jua kali.

Sasa nakuja kwenye kisa kilichonifanya nikubali kuandika. Jina la mtoto nimelibadilisha, pamoja na la bibi yake.

Ilikuwa Ijumaa, kwenye eksirei yetu, foleni imefika mpaka kwenye bomba la maji. Akaingia bibi mmoja wa Msambweni, Bi Mejumaa, amemshika mkono mjukuu wake wa miaka minane, Mwanatumu, mtoto mwembamba mwenye macho makubwa na kikohozi kidogo. Daktari alitaka picha ya kifua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Na kazi?"

"Hawajambo, bibi. Huyu mjukuu amepata kuugua siku za nyuma? Kulazwa, au kunywa dawa za muda mrefu?"

"Hajambo, twamshukuru Mungu. Ni hiki kikohozi tu cha juzi na jana."

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana pia twashukuru. Mwenyezi Mungu ni mwema."

Nikaandika kwenye fomu, kwa mwandiko wangu niliojivunia: Mtoto alikuwa mzima. Nikaita anayefuata.

Mimi wazazi wangu walitoka Ukambani wakapewa shamba huku, na nyumbani kwetu ukimuuliza mtu habari za ugonjwa atakupa zote, na rangi ya makohozi juu. Lakini nilizaliwa pwani. Nilijua vizuri kwamba hapa jibu la kwanza ni la adabu, la pili ni la kumshukuru Mungu, na habari yenyewe huja kwenye la tatu, ikiwa muulizaji amepata mahali pa kukaa. Nilijua pia kuna wazee wasiotaja maradhi yaliyokwisha kuondoka. Nililijua lote hilo, na bado nikaandika. Foleni ilikuwa ndefu, na nilikuwa nimesimama.

Picha ikatoka na kivuli kipana katikati ya kifua, juu ya moyo, kuliko kinavyotakiwa kwa mtoto wa miaka minane. Daktari wetu akaisoma pamoja na fomu yangu. Mtoto mzima, hana historia yoyote, na kifuani ana kitu kinachokua. Kwa maneno hayo akaandika shaka yake, saratani, akampeleka Mombasa. Daktari mpasuaji wa huko alitazama, akasema watapasua mfupa wa kifua, wakate kipande, na kikionekana kibaya watoe chote. Siku ikapangwa, Alhamisi. Jumanne aletwe kwenye Sumaku, ili mpasuaji ajue uvimbe umeshikana vipi na mishipa mikubwa asije akaukata mmoja.

Jumanne ilikuwa siku yangu ya Mombasa. Nilipomwona Bi Mejumaa kwenye benchi, amemlaza mtoto mapajani, leso mbili zimewafunika pamoja, nilimsalimia kwa furaha ya mtu anayekutana na mtu wa kwao. Hakuirudisha furaha. Alikuwa ameambiwa mtoto atapasuliwa kifua.

"Watamfungua kama kuku?" akaniuliza kwa sauti ndogo, mtoto asisikie.

Nilimweleza kazi ya siku hiyo, kwamba hakuna kisu wala sindano kwenye mashine, ni kulala na kutulia, na kwamba yeye anaweza kuingia na kumshika mguu mjukuu wake ikiwa wote wawili hawana chuma. Nikavua kipande changu cha sumaku shingoni, nikaanza kukagua.

Mtoto alikuwa na hirizi ya ngozi mkononi. Msaidizi wetu akataka ikatwe. Bi Mejumaa akaifunika kwa kiganja. "Hiyo haikatwi," akasema, si kwa ukali, bali kama anayetaja jina la siku. Nikapiga magoti, nikapitisha sumaku yangu juu ya ile ngozi, mara tatu, polepole. Haikuvuta. "Ina karatasi tu," nikasema. "Itaingia naye." Kwa mara ya kwanza siku ile bibi akanitazama usoni.

Ikafika zamu yake. Nilitoa kwake pini mbili, ufunguo wa sanduku, na kwenye pindo la leso sumaku ikaruka yenyewe ikanata. Akafungua fundo. Ndani mlikuwa na kikopo kidogo cha bati, cha mafuta ya kujichua.

"Tukiache nje, bibi. Kina nini?"

"Dawa za mtoto."

"Za kikohozi?"

Akakizungusha kikopo kiganjani. Nilikuwa bado nimepiga magoti, sikuwa na foleni nyuma yangu, na sijui kwa nini, nikavuta kile kibenchi cha kuvulia viatu nikakaa. Tukakaa hivyo kitambo. Ubaridi wa chumba ulikuwa ukitufikia mlangoni, na nyuma ya ukuta mashine ilikuwa ikitoa ule mlio wake mdogo wa kupumua, kama ndege anayelia ndani ya chupa. Kisha akakifungua kikopo. Zilikuwa tembe ndogo nyeupe za steroidi, zile zinazowatuliza askari wa mwili, nikazitambua kabla sijazigusa.

"Za kule kufura," akanong'ona. "Hatukutaji."

"Kufura lini, bibi?"

"Alipokuwa kwa mamake, Malindi. Mwaka jana. Uso ulifura, tumbo likafura, macho hayaonekani. Wakasema ni figo. Akanywa hizi miezi na miezi, kila mwezi wakipunguza, mpaka Mungu akamponya wakamwachisha. Mamake akaniletea akae nami apate hewa. Hizi zilisalia, nikasema niziweke, huenda yakarudi." Akafunga kikopo. "Uliponiuliza siku ile hukuwa umekosea kuuliza. Ila sisi maradhi yakishatoka hatuyaiti jina, mwanangu. Ukiyaita, yaitika."

Nilisikia moto masikioni. Nikaenda moja kwa moja kwa Daktari Nyambu, mama mmoja wa Kitaita aliyekuwa akisoma picha zetu, nikaweka kikopo mezani kwake. Nikamwonyesha ile fomu. "Huu ni mwandiko wangu," nikamwambia. "Na si kweli."

Akaitazama fomu, akazitazama tembe, akaegemea kiti. Daktari Nyambu alikuwa na tabia ya kueleza mambo makubwa kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Mtoto akiugua sana, akasema, au akinywa dawa hizi kwa muda mrefu, tezi ya thaimasi hunywea karibu kwisha. Akipona, akaacha dawa, hurudi. Na mara nyingine hairudi kwa adabu. Hurudi kubwa kuliko ilivyokuwa, kama aliyefunga mwezi mzima akakaribishwa kwenye sinia la pilau. Anayeikuta wakati huo bila kujua yaliyotangulia ataiita uvimbe. "Lakini inaweza pia kuwa uvimbe kweli," akaongeza. "Nipe picha nzuri, Mwende. Zisizotikisika hata kidogo."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Baadhi ya picha za kifua kwenye mashine ile zilitaka mgonjwa azuie pumzi kama sekunde ishirini. Watu wazima walikuwa wakishindwa. Mwanatumu tulimfundisha kuhesabu, akasahau namba kwa hofu. Tulijaribu mara mbili, na mara zote mbili kifua kilitoka na vivuli juu ya vivuli, kama kitambaa kilichopigwa chapa kikisogea.

Bi Mejumaa ndiye aliyetuokoa. "Chuoni kwao husoma Alhamdu kwa pumzi moja," akasema. "Mwalimu wao huwashindanisha. Huyu huwashinda hata wavulana. Mwambie aisome moyoni."

Mimi ni mtu wa kanisa, lakini nilimtoa mtoto nje ya chumba, nikashika saa, nikamwambia aisome kimoyomoyo huku amezuia pumzi, ainue kidole akimaliza. Sekunde ishirini na moja. Nikamwangalia Daktari Nyambu kupitia kioo, naye akaniashiria niendelee.

Tukamrudisha. Mashine ikaanza kugonga. Nilimwona kwenye kioo amelala kimya, hirizi mkononi, bibi yake amemshika kisigino kama mtu anayezuia mashua ya karatasi isichukuliwe na maji. Picha ikatoka safi, safi, safi, halafu mwishoni kabisa ikaharibika. Tukarudia. Safi, halafu ikaharibika palepale. Daktari akauma kalamu. Nikaingia nikamuuliza mtoto, "Unafanya nini mwishoni?"

"Nasema Amin," akasema, akishangaa mtu mzima asiyejua. Kwa hofu alikuwa akisoma upesi kuliko alivyosoma nje, akawa anaifikia Amin mashine haijamaliza.

Bibi akainama kwenye tundu. "Mwana wangu, soma taratibu. Na Amin usiiseme humu ndani. Ishike. Utaisema kukisha."

"Kukisha lini, bibi?"

"Tutakwambia."

Akaishika. Zile picha zilizofuata ndizo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na nimepiga nyingi mpaka nimestaafu. Daktari Nyambu alizitundika kwenye kisanduku cha taa, sote tukasogea. Pale nyuma ya mfupa, mbele ya moyo, lilikuwepo. Lilikuwa kubwa, ndiyo, lakini kingo zake laini, lina pande zake mbili kama inavyopasa, kijivu chake kimoja kutoka juu mpaka chini, bila vidonda wala mawe ndani. Halikusukuma mishipa. Lilikuwa limejilaza juu yake na kufuata umbo lake. Nikasikia sauti ya Bwana Athumani sikioni kana kwamba yuko chumbani: pindo la leso.

Daktari mpasuaji hakuwa mtu wa ndoto. Alikuja na hoja ya haki. "Na tukingoja, ikawa ni saratani?" akauliza. "Nani atamwambia huyu mama kwamba tulikaa tukitazama?" Hakuna aliyemdhihaki kwa swali hilo, kwa kuwa lilikuwa letu sote. Wakabishana nusu saa. Mwishowe wakakubaliana wamwone mtoto kila wiki mbili, na baada ya miezi mitatu arudi kwenye Sumaku. Ikiwa ni tezi inayorudi kwa fujo, itakuwa imetulia na kupungua. Akionyesha dalili mbaya kabla ya hapo, kifua kitafunguliwa bila kungoja.

Mimi ndiye niliyetumwa kumweleza Bi Mejumaa. Nilikaa kwanza. Akasikiliza yote, akauliza swali moja. "Mna hakika?"

"Hatuna, bibi," nikasema. "Twadhani ni afya inarudi. Hatuna hakika."

Akalifunga upya pindo la leso, sasa likiwa na pini na ufunguo tu, kwa sababu kikopo alikibakiza kwa daktari. "Basi tungoje," akasema. "Kungoja twajua."

Miezi ile mitatu sikuiishi nikiwa macho vizuri. Nilipiga picha za vifua na mifupa, nilivuka maji na kurudi, lakini kila nilipofumba macho niliona leso imetundikwa gizani kwenye kamba ya kukaushia filamu, pindo lake moja limefungwa, nami napanda ngazi kulifungua na ngazi haifiki. Jumamosi moja nilikwenda kwa Bwana Athumani kwenye mikorosho. Nilimkuta anachoma korosho kwenye debe, moshi umemfanya mweusi zaidi. Nikamsimulia yote nikitumaini atanihurumia.

Akageuza korosho kwa kijiti. "Swali uliuliza," akasema. "Jibu hukulingoja."

"Foleni ilikuwa ndefu, Bwana Athumani."

"Foleni ni ndefu tangu nilipozaliwa mimi." Akanipa korosho za moto kwenye jani, nazo zikaniunguza ulimi, na nadhani alikusudia.

Siku ikafika. Mwanatumu alikuja amenenepa mashavu, kikohozi kimekwisha, sare ya shule imeanza kumbana mabegani. Nilimsalimia bibi, nikauliza kama ada, "Mjukuu hajambo?" Basi Bi Mejumaa akasimama katikati ya chumba cha kungojea, akakaza leso kiunoni, akanitajia kila maradhi aliyowahi kuugua mtoto yule tangu kuzaliwa. Surua. Kuhara. Jino lililooza. Mba wa kichwani. Kufura, kwa sauti kubwa kuliko yote. Mafua ya mwezi uliopita, siku nne. Watu kwenye mabenchi walimtumbulia macho. Alipomaliza akafunika mdomo kwa pindo la leso, akasoma kitu cha kuyafukuza, akakaa. Nilitamani kumkumbatia, na nikamkumbatia.

Mtoto akaingia kwenye tundu bila kuambiwa. Mashine ikagonga, pumzi ikazuiwa, ikaachiwa, ikazuiwa. Kwenye kioo nilimwona midomo yake haitikisiki. Alipotoka nilimuuliza alichoota, akasema amesikia watu wanatwanga mpunga kwenye nyumba ya mbali, na alikuwa akielekea huko, lakini hakufika.

Daktari Nyambu akazitundika picha mpya kando ya zile za zamani. Daktari mpasuaji akaja akasimama mikono nyuma. Tezi ilikuwa imepungua mpaka nusu, imejikunja mahali pake, ndogo, ya kawaida, ya mtoto wa miaka minane. Mpasuaji akasogeza uso karibu na kioo cha taa, akapima kwa rula yake, akapima tena. Kisha akatoa kalamu mfukoni akapiga mstari mmoja kwenye karatasi ya kupasuliwa, toka pembe mpaka pembe.

Nikamgeukia Bi Mejumaa, aliyesimama mlangoni na mtoto. Nikamwitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ni salama. Akakaa chini sakafuni palepale, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mwanatumu alitutazama mmoja mmoja. Alikuwa bado amesimama na gauni la hospitali lililofungwa nyuma, ameshika hirizi yake.

"Sasa niseme?" akauliza.

"Sema, mwanangu," akasema bibi yake.

"Amin," akasema mtoto. Na Daktari Nyambu akasema Amin, na mimi nikasema Amin, na mpasuaji, ambaye hatukuwahi kujua anasali wapi, akasema Amin akiwa ametupa mgongo.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi. Mashine zilibadilika, filamu zikafa, chumba cha giza kikageuzwa stoo ya mafagio, na mlinifundisha kompyuta kwa uvumilivu ambao sikustahili. Mwanatumu siku hizi lazima ni mama wa watu, na pindo lake limefunguka likabaki mafuta, kama la kila mtu aliyepata bahati ya kukua. Siku yangu ya mwisho nilikuja asubuhi kurudisha funguo. Fatuma, mwenzenu niliyemwachia kiti, alikuwa mezani, foleni imefika mpaka kwenye bomba la maji, na mbele yake mama mmoja wa Ukunda amebeba mtoto mgongoni. Nikasimama mlangoni nikingoja amalize.

"Mtoto amepata kuugua siku za nyuma?" Fatuma akauliza.

"Hajambo, twamshukuru Mungu," mama akajibu.

Fatuma akainamisha kalamu kwenye fomu. Kisha akaiweka chini, akavuta kiti, akakaa.

Nikaziacha funguo mezani kimya kimya, nikaenda zangu nyumbani.